Naomba ushauri: Rafiki yangu ni mkimya kupita kiasi, je, anafaa kusimamia ndoa yangu?

Bwana Harusi Mtarajiwa
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninatarajia kufunga ndoa hapa Dar es Salaam, na tangu mwaka jana nilikubaliana na rafiki yangu, ambaye tumejuana tangu sekondari, kwamba yeye na mkewe ndio watakaotusimamia. Tatizo ni kwamba rafiki huyu ni mkimya mno. Kwenye vikao vya kamati hufika, huketi nyuma, hutoa mchango wake na kuondoka kabla vinywaji havijaletwa. Kwenye kundi la WhatsApp hajawahi kuandika neno. Ndugu zangu wananiuliza atasema nini mbele ya wageni, nami nimeanza kuona aibu. Je, ni vibaya kumbadilisha na mtu mchangamfu?

Fundi wa Ubungo
Kaka, kuzungumza ukumbini ni kazi ya MC, na unamlipa kwa hilo. Kazi ya msimamizi huanza wageni wakishaondoka, siku mtakaponuniana ndani ya nyumba na kuhitaji mtu wa kuwasikiliza wote wawili. Msimamizi wangu alikuwa msemaji hodari, na hadi leo shangazi zangu wanayajua mambo ambayo sikuwaambia.

Mama Tunu
Mwanangu, nilipofiwa na mume wangu, marafiki wa vicheko walikuja kwa wingi wakiwa na khanga za sare, wakalia kwa sauti, na matanga yalipoanuliwa sikuwaona tena. Dada mmoja, ambaye wifi zangu hawakulijua hata jina lake, alikuwa jikoni siku zote zile akisugua masufuria. Baadaye akawa anakuja Jumamosi, tunachambua mchele pamoja bila maneno mengi, wala hakunihimiza nichangamke au nimshukuru Mungu kwa yaliyobaki. Alikaa tu, nami nikapata mahali pa kuwa na huzuni bila kuionea haya. Samahani, nimetoka kidogo kwenye harusi.

Mkaa Kimya
Mimi ni mmoja wa watu hao. Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, aliandika mwaka 1921 kuhusu watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea ndani na wengine ambao zao huelekea nje, na wataalamu wa leo huitenganisha hali ya kuelekea ndani na woga wa watu. Kikao chenye kelele hunichosha kama kazi ya kubeba mizigo, hata nikiwapenda wote waliomo. Ukitaka maoni yangu, niulize tukiwa wawili, kisha nipe muda. Hata hivyo, ndugu yangu, rafiki yako alikuwa mkimya tangu sekondari, na mwaka jana ukimchagua ulilijua hilo. Ni nini kimebadilika?

Bwana Harusi Mtarajiwa
Hakuna kilichobadilika. Ninaangalia heshima ya sherehe tu.

Mama Tunu
Jibu swali, mwanangu.

Bwana Harusi Mtarajiwa
Nilichukua mkopo kwenye SACCOS ya kazini, naye akanidhamini. Tangu maandalizi yaanze sijapeleka marejesho, na sasa wanakata kwenye akiba yake. Hajaniambia lolote, na kila nikimwona ameketi nyuma kimya ninahisi kwamba ananihukumu. Nia ya kulipa ninayo, kwa kuwa michango ikibaki baada ya sherehe nitamaliza deni lote. Mnielewe pia kwamba siwezi kusimama madhabahuni karibu na mtu nisiyeweza kumtazama usoni. Kadi zipo kwa mchapaji zikiwa na jina la rafiki mwingine, ambaye ni mchangamfu na ameshatutafutia hata fundi wa sare.

Fundi wa Ubungo
Michango ya harusi ikibaki! Kaka, umewahi kuiona ikibaki?

Hakimu wa Mtaa
Hadithi hii imetungwa. Niliwahi kuwa mjumbe wa kamati ya mikopo, na sisi hatukupokea mdhamini mmoja peke yake. Mleta mada alianza na aibu ya hotuba, sasa tuko kwenye deni. Kesho atatuambia kwamba bibi harusi ni mchumba wa zamani wa huyo mkimya. Tunaliwazia jambo ambalo halipo.

Mkaa Kimya
Hata ikiwa imetungwa, wapo wanaosoma hapa wakiwa na deni la namna hiyo.

Bwana Harusi Mtarajiwa
Sijatunga. Wadhamini walikuwa wawili. Wa pili alipopata taarifa alikwenda ofisini akagomba hadi wafanyakazi wakatoka nje kusikiliza, na wao wakaamua waanze na yule asiyelalamika.

Hakimu wa Mtaa
Na huyo wa pili ni nani?

Bwana Harusi Mtarajiwa
Ndiye ambaye jina lake liko kwenye kadi.

Mama Tunu
Loo!

Mkaa Kimya
Usimwendee rafiki yako bila taarifa, wala usimpigie simu ukiwa umezungukwa na wanakamati. Mwandikie ujumbe mfupi kwamba unajua akiba yake inakatwa, taja tarehe utakayoanza kulipa, kisha umwache achague siku ya kuonana. Akichelewa kujibu, usitafsiri. Amebeba deni lako miezi yote hii na hakuna hata mwanakamati mmoja aliyejua; ungependa msimamizi wa namna gani zaidi ya huyo?

Hakimu wa Mtaa
Bado siamini, ila kama ni kweli, nenda ofisini ukaombe kwa barua marejesho yapangwe upya, kabla ya kulipia ukumbi.

Bwana Harusi Mtarajiwa
Ujumbe nitautuma leo, na barua nitaiandika. Kuhusu kadi, mchapaji ameshapokea malipo ya awali, na mama mkwe amekwisha kuiona sampuli.

Fundi wa Ubungo
Taja hayo malipo ya awali ni kiasi gani, tukuchangie kadi mpya. Ila fedha tutamtumia mchapaji moja kwa moja.