Maumivu ya tumbo mwaka wa tatu, vipimo havioni kitu: nimwambie nini daktari atakayefuata?

Swali, kutoka kwa MwalimuWaMoro

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, na huu ni mwaka wa tatu ninaishi na maumivu ya tumbo ambayo hakuna aliyeweza kuniambia yanatokana na nini. Yanaanzia chini ya kitovu, zaidi upande wa kulia, yakinyonga kama nguo inayokamuliwa, kisha yanasambaa hadi kiunoni. Hukaa siku tatu au nne, yakaniacha, halafu yakarudi. Wanafunzi wangu wamekwisha kuzoea kuniona nikiandika ubaoni kwa mkono mmoja huku wa pili umeshika tumbo.

Mara nne nimeambiwa ni taifodi kwa kipimo cha Widali, na dozi zote nimemaliza. Mara tatu nimeambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo. Mwaka jana nikaambiwa ni vidonda vya tumbo baada ya kupimwa damu, nikatumia dawa, na niliporudia kipimo hichohicho baada ya miezi miwili majibu hayakubadilika, nikaanzishiwa dozi nyingine. Ultrasaundi nimepiga mara mbili na zote zimesomeka kuwa za kawaida. Daktari wa mwisho alifunga faili akaniambia kwamba sina ugonjwa, nina mawazo. Mama mkwe anasema ni chango na ananichemshia mizizi. Nainywa kwa heshima yake, lakini maumivu yako palepale.

Siombi kuandikiwa dawa humu. Naomba kujua waliopita njia hii walifikaje kwenye jibu, na nizungumze vipi na daktari atakayefuata ili asianze tena na Widali.

Jibu, kutoka kwa Tabibu_Kituoni

Pole sana, Mwalimu. Mimi ni tabibu katika kituo cha afya, na maelezo yako nayasoma kwa masikitiko kwa sababu wagonjwa wenye historia kama yako nawaona kila wiki, na miaka ya nyuma nami niliwahi kuwaandikia dozi hizohizo.

Kipimo cha Widali kimekuwepo tangu 1896, nacho hakitafuti kimelea mwenyewe bali kinga ambayo mwili umeitengeneza. Katika maeneo kama yetu, watu wengi wanayo kinga hiyo kutokana na maambukizi ya zamani au ya vimelea vingine vinavyofanana, kwa hiyo jibu moja la "chanya" halithibitishi kwamba una taifodi leo. Uthibitisho unaoaminika zaidi ni kuotesha damu maabara. Tena taifodi ni ugonjwa wa homa, homa inayopanda na kukaa kwa siku nyingi. Maumivu yanayokuja na kuondoka kwa miaka mitatu bila homa yana chanzo kingine.

Kuhusu vidonda, kipimo cha damu cha bakteria wa tumbo wanaosababisha vidonda huweza kubaki chanya kwa miezi mingi hata baada ya bakteria kufa, kwa hiyo hakikupaswa kutumika kuamua dozi ya pili. Kinachofaa ni kipimo cha choo au cha pumzi, nacho kifanyike angalau wiki nne baada ya kumaliza antibiotiki na wiki mbili baada ya kuacha omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni. Zaidi ya hayo, maumivu ya vidonda kwa kawaida hukaa juu ya kitovu, chini ya kifua, na yako yako chini.

Ultrasaundi nayo ina mipaka yake. Inaona vizuri mawe ya nyongo na ya figo, pia uvimbe kwenye vifuko vya mayai ya uzazi, lakini utumbo haiuoni vizuri na mishipa midogo ya fahamu haiioni kabisa. Jibu lako lilimaanisha kwamba vile inavyoweza kuviona viko salama, na hapo ndipo lilipoishia.

Nunua daftari dogo. Kwa wiki sita, kila siku andika saa maumivu yalipoanza, mahali unapoweza kupagusa, ulichokula, hali ya choo, kama maumivu yanapungua baada ya kwenda choo, na siku ya mzunguko wako wa hedhi. Maumivu yanayofungamana na choo kwa miezi mingi huelekeza kwenye ugonjwa wa matumbo yanayokuwa mepesi kusisimka (kwa Kiingereza IBS), ambao ni ugonjwa halali wenye vigezo vyake, wala si mawazo. Kama umewahi kuishi kando ya Ziwa Victoria, sema pia, maana kichocho cha matumbo kinapatikana huko. Ukiona unapungua uzito, choo chenye damu, homa za usiku, macho ya njano, tumbo kukakamaa, au hedhi imechelewa na yakaja maumivu makali ya ghafla, usisubiri daftari. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jibu, kutoka kwa DadaWaPwani

Mdogo wangu, mimi nilizunguka miaka tisa. Nilipata jibu siku nilipokutana na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake aliyeniuliza maswali ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza: je, maumivu huanza kabla ya damu kutoka, je, choo kinauma siku za hedhi, je, tendo la ndoa linauma ndani kabisa? Nililia pale kitini, kwa sababu yote matatu yalikuwa ndiyo. Nilifanyiwa upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, ikaonekana endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba zimeota nje yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takribani asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanao ugonjwa huu, na mara nyingi ultrasaundi ya kawaida haiuoni.

Sikupona kabisa, ila kwa dawa za homoni siku mbaya zimepungua sana. Na mama mkwe wako usimdharau: mizizi yake haitatibu, lakini wanaolitumia neno chango mara nyingi huyahusisha maumivu haya na uzazi.

Jibu, kutoka kwa Fundi_Tanga

Mimi ni mwanamume, na kwangu walisema ngiri, ingawa hakuna uvimbe uliowahi kuonekana. Maumivu yangu yalikuwa sehemu moja tu, unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole. Daktari alinilaza chali, akabonyeza pale, akaniambia niinue kichwa na mabega. Maumivu yakazidi badala ya kupungua, naye akasema tatizo liko kwenye ukuta wa tumbo, mshipa wa fahamu umebanwa kwenye msuli. Sindano ya ganzi mahali hapo iliyatuliza ndani ya dakika chache. Mwombe daktari akufanyie uchunguzi huo, haugharimu chochote.

MwalimuWaMoro anarejea

Nawashukuru kwa dhati. Jana usiku sikungoja wiki sita. Nilitoa kadi na risiti zote za hospitali, nikazipanga kwa tarehe, nikaziweka kando ya kalenda ninayowekea alama za hedhi. Nimekwenda hospitali mara kumi na moja, na mara tisa kati ya hizo zimeangukia siku mbili au tatu kabla ya hedhi au siku ya kwanza. Maswali ya Dada nimeyasoma mbele ya mume wangu, na mawili kati ya hayo yeye ndiye aliyeyajibu kabla yangu. Maumivu yangu hayafunikwi kwa kidole kimoja, Fundi, lakini nitaomba nipimwe hivyo pia.

Daftari nimeanza. Leo asubuhi nimeomba rufaa ya kumwona bingwa wa magonjwa ya wanawake, na nimepewa Alhamisi ya wiki ijayo. Nitakwenda na kalenda hiyo, na mume wangu amesema ataingia nami ndani.