Naomba ushauri: kutambua chanzo cha zana ndogo za obsidiani bila kuziharibu

Ndugu wataalamu, ninaandaa utafiti wa zana za kale zilizochongwa kwa obsidiani, yaani kioo cha asili cha volkano, na ninakusudia kutambua kila zana ilitoka mwamba gani kwa kulinganisha viwango vyake vya elementi za rubidi, stronti, zirikoni na niobi na vile vya sampuli za miamba yenyewe. Kipimo cha eksirei cha kushika mkononi kinanivutia kwa kuwa hakiachi alama. Tatizo ni kwamba vipande vingi ni vyembamba kuliko milimita 2, eksirei huvipenya hadi upande wa pili, na viwango vinavyosomwa havitegemeki. Je, kutumia uwiano wa elementi badala ya viwango vyenyewe kunatosha kurekebisha kasoro hiyo, au sina budi kutumia kipimo cha leza, ambayo huchoma chembe ya zana ili ichunguzwe na huacha kitundu kidogo mno, lakini kwangu hilo bado ni jeraha kwa urithi usio na mbadala? Zana chache za gumegume, jiwe gumu lisilo la volkano, nimeona niziweke kando, kwani kemia yake hubadilika hata ndani ya tabaka moja. Aliyewahi kupima vipande vya namna hii naomba anieleze pia ni sampuli ngapi za kila mwamba zinazotosha kwa ulinganisho.