Naomba ushauri: Nafanya kazi baa Birmingham, je, lazima niwe na leseni yangu ya kuuza pombe?

BintiMakorora
Habari zenu ndugu zangu. Nina miezi minane kaunta kwenye baa ya mtaani, visa yangu ni ya kumfuata mume. Sijawahi kuulizwa karatasi yoyote. Wiki iliyopita bosi kaniambia nitakuwa nafunga baa mwenyewe Ijumaa na Jumamosi, hivyo lazima nipate leseni binafsi. Kuna mtu wake atanifanyia kila kitu kwa £300, zikatwe kwenye mshahara. Mshahara wenyewe ndio ninaolipia kodi na kumtumia mama Tanga. Je, muda wote huu nilikuwa navunja sheria? Na hiyo £300 ni halali?

MzeeWaKaunta
Pole dada, hukuvunja sheria. Kwa sheria ya leseni ya mwaka 2003, inayotumika England na Wales, kila pombe inayouzwa baa lazima iuzwe au iruhusiwe na mtu mwenye leseni binafsi. Huyo mwenye leseni akikuruhusu, unauza, na si lazima awe amesimama nyuma yako usiku kucha. Mwambie bosi, kama ndiye mwenye leseni, akuandikie ruhusa: jina lako, tarehe, sahihi. Ya mdomo inakubalika, ila afisa wa halmashauri au polisi akiingia Jumamosi usiku uko peke yako, karatasi ndiyo itakayokusemea.

NyotaYaSlough
Nakazia hapo kwa Mzee. Hata hivyo mdogo wangu, leseni ichukue, ila si kwa huyo mtu. Mimi niliifuatilia mwenyewe. Unafanya kozi ya siku moja ya wanaoomba leseni binafsi, inaitwa APLH, kisha mtihani wa maswali 40 ya kuchagua jibu, dakika 40, ukipata 28 umefaulu. Nilisoma siku nne, watoto wakishalala. Kilichonisumbua ni Kiingereza cha kisheria, maswali mengine unayasoma mara tatu ndipo uone wanachouliza.

Ukishafaulu, omba cheti cha DBS cha msingi (basic), kinachoonyesha kama una rekodi ya makosa ya jinai, moja kwa moja kwenye tovuti ya serikali. Hapa wengi hukwama: kikishapita mwezi mmoja tangu kitolewe, halmashauri haikipokei, kwa hiyo usikiombe kabla ya mtihani. Maombi ya leseni yanakwenda halmashauri ya unakoishi, si ya baa ilipo. Ada ni £37. Kozi, mtihani na cheti, vyote pamoja sikufika £200.

Kijana_wa_Coventry
Na bosi hawezi kukukata hela hiyo hivi hivi, lazima uwe umekubali kwa maandishi. Soma mkataba wako kabla hujasaini chochote kipya. Leseni ikitoka ni yako, ukihama baa unahama nayo, na tangu Aprili 2015 haina mwisho. Ila kwa sisi wenye visa, haki ya kufanya kazi ikiisha, nayo inakufa.

MamaWawili_Glasgow
Wasomaji wa Scotland msifuate hayo. Huku leseni ni ya miaka 10, na hata mhudumu wa kawaida lazima apewe mafunzo ya saa mbili kabla ya kumimina glasi ya kwanza.

MzeeWaKaunta
Nimesahau jambo kubwa. Uwe na leseni au usiwe nayo, ukimuuzia mtoto wa chini ya miaka 18, sheria inakushika wewe uliyemuuzia. Polisi anaweza kukuandikia £90 palepale. Kumuuzia aliyekwisha lewa nalo ni kosa. Mtu akionekana chini ya miaka 25, omba kitambulisho, hata kama ni rafiki wa bosi. Nimeona binti mzuri wa kazi akilia jikoni kwa sababu aliona haya kumuuliza mteja.

BintiMakorora
Mungu awabariki. Usiku huu nitalala. Nimemwandikia bosi ujumbe kwamba naomba ruhusa ya maandishi kwanza, na leseni nitaifuatilia mwenyewe. Swali la mwisho: wanasema picha moja ya maombi ya leseni ithibitishwe na mtu wa heshima. Mchungaji wetu anafaa?

NyotaYaSlough
Anafaa, hata mwalimu au afisa wa benki. Peleka picha mbili, athibitishe nyuma ya moja kwamba ni wewe kweli. Ukikwama kwenye fomu ya halmashauri rudi hapa, tutaijaza pamoja.