Shamba la mafunzo, kukodi kivyangu au nusu kwa nusu: kibarua wa Salinas aanzie wapi mboga za kilimo hai?

MkataSaladi
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Huu ni mwaka wa sita nafanya kibarua cha mboga bonde la Salinas, California: kukata letusi, kupanda brokoli, palizi. Grini kadi ninayo, akiba ni dola 9,000, na mke wangu yuko tayari tuanze shamba letu la kilimo hai. Njia ninazoziona ni tatu.

Ya kwanza ni ALBA, shirika lenye shamba la mafunzo hapa hapa Salinas. Wanafundisha vibarua kama mimi, halafu unakodishwa kipande kidogo kwenye ardhi yao ambayo tayari ina cheti cha kilimo hai. Ya pili ni ekari 3 karibu na ninapokaa, kodi nafuu, ila aliyekuwepo alikuwa anapiga dawa hadi mwaka jana. Ya tatu, kuna mwenye shamba anataka tulime nusu kwa nusu: ardhi na maji vyake, nguvu zangu.

Moyo uko kwenye ya pili. Nimechoka kuambiwa nipande nini na lini. Nishaurini.

MamaGiligilani
Kaka, hizo ekari 3 zina kitu kimoja kizito. Sheria ya Marekani inataka miezi 36 tangu dawa au mbolea ya chumvichumvi iliyokatazwa iingie udongoni kwa mara ya mwisho, hadi siku unapovuna zao la kuuza kwa jina la kilimo hai. Kama alipiga mwaka jana, bado una kama miaka miwili. Miaka yote hiyo utapalilia kwa mkono kama mkulima wa kilimo hai, halafu uuze kwa bei ya mboga za kawaida.

Mimi nilianzia shamba la mafunzo, nusu ekari. Siku ya kwanza nilikuta bomba la maji limeshafika mwisho wa tuta, na trekta naikodi kwa saa. Fikiria dola 9,000 zako zikiingia kwenye pampu na mabomba kabla hujapanda hata mbegu moja.

Jembe_Halisi
Mimi naitetea ya pili. Kwenye shamba la mafunzo muda ukiisha unaondoka, na udongo uliourutubisha kwa mboji miaka yote unamwachia mwingine. Tena mauzo yasipozidi dola 5,000 kwa mwaka, cheti hakihitajiki. Aanze tu.

MamaGiligilani
Kaka Jembe, hapo rekebisha kidogo, mtu asije akapata matatizo. Huo msamaha ni wa cheti peke yake. Kanuni nyingine zote zinakubana, pamoja na ile miezi 36, na California lazima ujisajili na jimbo hata kama umesamehewa cheti. Hilo la kuacha udongo nakubaliana nawe. Liliniuma sana.

Jembe_Halisi
Asante dada, nimekosea hapo. Basi MkataSaladi, kabla hujaikatia tamaa hiyo ardhi, nenda ofisi ya kamishna wa kilimo wa kaunti. California kila mkulima anaripoti dawa alizopiga. Uliza rekodi za shamba hilo. Huenda dawa ilipigwa ekari moja tu, mbili zikawa zimelala muda mrefu. Na kwa kuwa una grini kadi, ulizia mikopo midogo ya FSA, wakala wa serikali kuu unaokopesha wakulima, inafika dola 50,000. Wanaangalia uzoefu, kwa hiyo karatasi zako za mshahara usizitupe.

MzeePalizi
Mwanangu, marahaba. Niseme juu ya ya tatu, maana nimeilima. Tulikubaliana kwa mdomo. Mwisho wa msimu mwenzangu akatoa kwanza gharama za maboksi, maji na usafiri, ndipo tukagawana kilichobaki. Mimi na mke wangu tuliamka saa tisa usiku miezi mitano, tukaondoka na pesa isiyofika mshahara wa kibarua. Cheti kilikuwa na jina lake, na wanunuzi wakawa wake. Ukiichukua hiyo njia, gharama zipi zinatoka upande gani ziandikwe na zisainiwe kabla jembe halijagusa ardhi.

MamaGiligilani
Pole sana mzee. MkataSaladi, jambo la mwisho: umezoea kuona letusi shamba zima inakatwa siku moja. Kwenye nusu ekari hiyo ndiyo hasara. Panda matuta machache kila wiki mbili, changanya figili, giligilani, sukuma wiki. Nani atanunua, lijue kabla ya kupanda.

MkataSaladi
Nimewasoma wote, nashukuru mno. Jumatatu napita kaunti kuuliza rekodi za zile ekari 3, na nitaomba nafasi ya mafunzo ALBA bila kusubiri majibu. Ya tatu nimeiacha. Mzee, ulipoanza shamba lako mwenyewe, mkaguzi wa cheti alitaka kuona nini?

MzeePalizi
Daftari, mwanangu. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akalisoma ukurasa kwa ukurasa. Mbegu ilinunuliwa wapi, na risiti yake. Tuta gani lilipandwa lini. Samadi mbichi iliingia siku gani, kwa sababu kwa mboga inayogusa udongo, kama letusi, lazima zipite siku 120 kabla ya kuvuna. Kilo ngapi zilitoka na zilikwenda kwa nani. Nunua lenye jalada gumu, ulitie kwenye mfuko wa plastiki, liende nawe shambani kila siku.