Tupeane uzoefu: episodi ambayo staringi anakaa kando na wale wadogo wanabeba mzigo, uliipenda ama uliskipu?

Mjukuu wa Arua
Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Leo nataka tuongee kuhusu zile episodi za sitkomu (komedi za TV za mfululizo) ambapo staringi ghafla anawekwa kando, halafu wale jamaa ambao siku zote wanapewa mstari mmoja wa kuchekesha na kuondoka ndio wanaachiwa episodi nzima. Kuna watu wanazipenda kufa, wengine wanasema ni uvivu wa waandishi. Leteni yenu, ila simulieni mliangalia wapi na nani, msije mkaandika "ilikuwa fiti" mkakimbia.

Naanza. Brooklyn Nine-Nine, komedi ya Marekani ya kituo cha polisi, sizoni ya 6, ile inaitwa "Hitchcock & Scully". Ilitoka Januari 2019, hiyo ndiyo sizoni ya kwanza pale stesheni ya NBC baada ya stesheni ya Fox kuitupa na hawa kuiokota. Kama hujui, Hitchcock na Scully ni wale wazee wawili wa polisi ambao kazi yao ni kula, kusinzia na kunuka. Sizoni zote tano unawacheka tu. Sasa hii inaanza mwaka 1986 na unawaona wakiwa vijana, wembamba, wana misuli, wanavunja mlango wa mafia kama action ya kweli (Scully kijana amechezwa na Alan Ritchson, yule jitu la ile sirii ya Reacher, we fikiria). Baadaye kesi ya zamani inafunguliwa, kuna begi la pesa halijulikani liko wapi, Jake, ndiye staringi, na mwenzake Charles wanaanza kuwashuku wazee wao wenyewe. Kumbe pesa walimpa mama mmoja aliyewasaidia kumkamata mafia, bosi wao akakataa kumlinda kama walivyomuahidi. Yule mama akafungua kigahawa cha mabawa ya kuku, jina lake la kihuni sitaliandika hapa kuna watoto, na hao wazee wamekuwa wakila hapo mpaka wakawa hivyo walivyo.

Kilichonimaliza ni kwamba hawakuwageuza mashujaa. Mwisho wa episodi bado ni wavivu walewale, bado wananuka. Lakini tangu hapo nikimuona Scully amesinzia kwenye kiti simuoni vilevile. Niliangalia na kaka yangu mkubwa, yeye ni afande wa kweli, mtu wa kambini, komedi huwa anaona ni mambo ya watoto. Hii hakucheka sana. Akasema tu "kila kituo kina wazee wawili kama hawa, na usiwadharau." Akaenda kulala.

Kijana wa Ntinda
Mimi ni mpinzani, samahani ndugu zangu. Hizo episodi naskipu. Nimelipa bando langu niangalie Jake, unaniletea wazee wanakula kuku. Halafu tuwe wakweli, stesheni kubwa za Marekani zilikuwa zinataka episodi kama 22 kwa sizoni, stori za staringi zinaisha, ndio wanaanza kuokota wa pembeni wajaze. Ni kama mwenye duka ameishiwa sukari anakuuzia chumvi ati nayo ni nyeupe.

Mjukuu wa Arua
Hahaha Ntinda wewe. Ila sizoni ya 6 ya Brooklyn Nine-Nine ilikuwa na episodi 18 tu, na hii ilikuwa ya pili. Stori zimeisha wiki ya pili?

Nesi Mbale
Kijana wa Ntinda ungefanya kazi hospitali usingesema hivyo. Yangu ni ya Scrubs, komedi ya hospitali. Wanaoijua wanajua kwamba stori yote anaisimulia J.D., daktari kijana, kichwani mwake, ndio maana majina ya episodi karibu yote yanaanza na "My". Sasa mara mojamoja jina linabadilika, inakuwa "His Story" au "Her Story", mtu mwingine anachukua usimulizi. Sizoni ya 5 kuna "His Story III", anayesimulia ni Janitor, yule msafishaji anayemsumbua J.D. kila siku.

Tuliangalia kwenye simu ya mwenzangu usiku wa zamu, wodi imetulia, watatu tumebanana kwenye benchi moja na sauti tumeipunguza. Jambo la ajabu, sizoni ya kwanza yule Janitor huwa anaongea na J.D. peke yake, mpaka watu walidhani labda hayupo, ni mawazo ya J.D. tu. Halafu miaka baadaye unakaa ndani ya kichwa chake mwenyewe unaona anavyoiona hospitali, madaktari wanampita kama ukuta. Mwenzangu mmoja akaanza kuongea habari ya mama anayesafisha kwetu. Yule mama anajua ni mgonjwa gani hajatembelewa na ndugu yeyote, anajua daktari gani kagombana na mkewe, nani kaficha glavu kabatini. Sisi tunamuuliza kitu kimoja tu, funguo ziko wapi. Kesho yake tulimuita chai. Alishuku tunataka kumkopa hela.

Na sizoni ya 6 kuna "Their Story", hapo wanasimulia Ted yule wakili muoga, Jordan wa bodi ya hospitali, na Todd yule daktari wa upasuaji. Hiyo ya Todd sikuipenda, mtu mwenye utani mmoja ukimpa muda mrefu anachosha. Kwa hiyo Ntinda upande mmoja nakuelewa.

Kijana wa Ntinda
Asante nesi, mtu mmoja mwenye akili.

Mama Bombo
Nyinyi na Wazungu wenu. Mimi nawaletea ya majirani, Papa Shirandula, komedi ya stesheni ya Citizen ya Kenya. Stori ilikuwa ya Papa, askari wa getini ambaye mkewe Wilbroda anaamini ana kazi ya ofisini, asubuhi anatoka na suti. Mzee Charles Bukeko Mungu amrehemu, alitutoka Julai 2020. Lakini nyumbani kwangu staringi hakuwa Papa, alikuwa Awinja, yule msichana wa kazi.

Wakati huo nilikuwa na msichana wa kazi kutoka upande wa Busia. Siku zingine TV hamshughulishi, anaosha vyombo huku anaimba. Ikiwa ni siku ya Awinja kusumbuana na mabosi wake, wacha! Anakuja na mwiko mkononi, anakaa chini kwenye mkeka, hasogei. Nikimwambia "binti yangu, mboga inaungua" ananijibu "mama subiri nione atamjibu nini." Na akijibiwa anapiga makofi. Tulikula saa nne usiku na sikuwa na nguvu ya kugomba kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa palepale. Baadaye maneno yale ya Awinja yakaanza kutoka jikoni kwangu, namtuma sokoni ananijibu kwa sauti ileile ya kwenye TV, mgeni akisikia anashangaa. Mume wangu alitaka nimkanye, nikamwambia mwache, hii nyumba ilikuwa kimya sana.

Ndio maana ukiniambia wa pembeni mimi nakuuliza, pembeni kwa nani?

Boda Malaba
Mama Bombo umenikumbusha mbali. Sisi huku mpakani tulikuwa tunashika stesheni za Kenya kwa antena ya waya tu, unaifunga kwenye mti wa mwembe, mdogo wako anaizungusha wewe unapiga kelele "hapo hapo! umepitisha! rudisha!" Upepo ukija Papa anageuka mchele mtupu unasikia sauti peke yake. Mimi Otoyo na Njoroge, wale wengine wa Papa Shirandula, niliwajua kwa sauti kabla ya sura.

Vitimbi pia usisahau, ile komedi nyingine ya Kenya. Mzee Ojwang alikuwa mkubwa ndio, lakini sisi tulikuwa tunamsubiri Mama Kayai afungue mdomo.

Fundi Kisenyi
Mimi nina laibrari ya muvi hapa Kampala, naweka watu kwenye flashi, kwa hiyo nawaambia kitu nakiona kila siku kwenye kaunta. Mteja wa Uganda hakumbuki jina la filamu wala la staringi. Anakumbuka jina ambalo VJ, yule anayetafsiri filamu kwa sauti yake juu ya picha, alimpa mtu. Hawa VJ wetu, kina VJ Jingo, VJ Junior, VJ Emmy, sitkomu hawazigusi sana, kazi yao kubwa ni action, Wahindi, Wakorea. Lakini sikilizeni wanavyofanya. Staringi anaongea sana kwa hiyo VJ anabanwa kutafsiri. Yule mpishi au dereva aliyesimama nyuma haongei kitu, hapo VJ ana nafasi, anampa jina la kijiji, anampa deni, anasema huyu mke wake alimkimbia akaenda Masaka. Kibanda kizima cha video kinaanza kumfuata dereva! Mteja anakuja ananiambia "niwekee ile ya yule dereva wa Masaka." Filamu yenyewe ni ya Korea.

Kwa hiyo hiyo episodi ya wa pembeni mnayoitafuta huko Marekani sisi tunatengenezewa kila siku kwenye kibanda kwa shilingi elfu moja.

Nakivale Boy
Hahaha fundi unasema kweli kabisa. Siye huku kambi ya wakimbizi ya Nakivale tunaangaliaka mu kibanda juu si kila mutu iko na televizyo. VJ njo anaamuaka nani ni mukubwa. Kuna filme moja miye niliionaka kwetu Bukavu mu Kifaransa, kule yule muzee wa mulango hakuna mutu alimuona. Nilipofika huku nikaiona tena na VJ, yule muzee njo alikuwa filme yote, bantu banalia juu yake. Nikajiuliza ile ya kwanza niliangalia nini.

Sista wa Jinja
Jamani nataka kuleta upande ambao hamjaugusa, yule wa pembeni akikua sana anakula wengine. Family Matters, sitkomu ya Marekani ya familia moja. Steve Urkel alipangwa atokee episodi moja tu, sizoni ya kwanza, kijana jirani mwenye suruali iliyopanda mpaka kifuani. Watu wakampenda, wakamuongeza, wakamuongeza, mwisho sirii yote ikawa yake mpaka inaisha 1998, anatengeneza mashine anageuka mtu mwingine, mambo ya ajabu. Sawa, Jaleel White aliyemcheza alikuwa na kipaji, sikatai. Lakini ile familia yenyewe, ambayo ndiyo jina la sirii, ikawa wageni nyumbani kwao.

Na kuna Judy. Yule mtoto wa mwisho. Baada ya sizoni ya 4 hayupo tena, na hakuna aliyeuliza! Hakuna aliyesema kaenda bodi, kaenda kwa shangazi, hakuna. Wazazi wanaongea kana kwamba walizaa wawili tu. Mimi ni wa mwisho kwetu, tuko saba, nyumbani baba akiniita anapitia majina ya wote kabla ya langu. Tulipokuwa tunaangalia kaka zangu walikuwa wanacheka Urkel, mimi nasubiri Judy ashuke ngazi. Nilimwambia mama, mama akasema "labda analala." Sizoni nzima analala?

Boda Malaba
Sista nimecheka mpaka abiria ananiuliza kuna nini

Mwigizaji Mdogo
Niko kwenye kikundi cha komedi hapa Kampala, sitataja jina. Mimi ni yule anayeingia na trei. Staringi wetu alikwama safari ya Gulu, ukumbi umejaa, kiongozi akasema wewe na mwenzako wa geti mtajaza saa nzima. Sasa niwaambie kitu ambacho mtazamaji haoni. Tulipopanda jukwaani watu walishangilia sana, dakika kumi za kwanza tuliwaua. Halafu utani wetu ukaisha, kwa sababu utani wa mtu wa trei unategemea kuna bosi wa kumkatiza. Bila bosi mimi ni mtu tu ameshika trei. Kilichotuokoa ni mwenzangu wa geti kuanza kunidai hela, deni la kweli kabisa, hatukupanga, watu wakadhani ni igizo. Tukagombana pale jukwaani mpaka mwisho.

Nikiangalia ile ya Hitchcock na Scully ndio naona waandishi walijua hilo. Hawakuwapa utani zaidi. Waliwapa deni.

Mjukuu wa Arua
Mwigizaji umemaliza. Na hela ulishamlipa ama bado unadaiwa?

Mwigizaji Mdogo
Nadaiwa mimi. Bado.

Kijana wa Ntinda
Sawa nimesoma zote. Nikiangalia hiyo ya Janitor naanzia sizoni ya 5 moja kwa moja ama lazima nirudi mwanzo? Sina muda wa kurudi mwanzo

Nesi Mbale
Lazima urudi. Ukiruka utaona ni msafishaji tu anaongea.

Kijana wa Ntinda
Banange. Fundi unayo Scrubs?

Fundi Kisenyi
Ninayo, ila haina VJ, ni Kizungu kitupu. Lete flashi kubwa, na tafadhali isiwe ile ya wiki iliyopita, ilinijazia virusi kompyuta mpaka picha za harusi ya mteja zikageuka shortikati.