Mtu ameivua Carry On Cruising rangi. AMEIVUA RANGI!

Mwana_Riili (mleta uzi)
Wakuu, nina hasira mpaka kibodi inalia. Yule fundi wa "kusafisha" filamu za zamani, mnamjua, sina haja ya kumtaja, kaachia Carry On Cruising usiku huu ikiwa nyeusi na nyeupe. Filamu ya 1962, ya sita kwenye mfululizo wa vichekesho vya Uingereza wa Carry On na ya kwanza kabisa kupigwa kwa rangi, yeye kaivua rangi!

Eti nakala "ilishageuka nyekundu". Sasa si ndivyo Eastmancolor, ile aina ya filamu ya rangi ya enzi hizo, inavyozeeka? Ile rangi ya samawati-kijani hufifia mapema, picha inabaki kama imechovywa kwenye juisi ya rozela. Dawa yake inajulikana: ishike chaneli nyekundu peke yake, shusha vivuli vyake mpaka weusi uwe weusi, halafu kofia nyeupe za maofisa wa meli ziwe kipimo chako cha weupe. Sid James ndiye kapteni, Kenneth Williams ndiye msaidizi wake, kofia zipo tele! Yeye kaburuta kitufe cha rangi hadi sifuri. SIFURI, wakuu.

Tena picha ya 1.66 (upana ukigawanywa kwa urefu) kaikata juu na chini ijae skrini ya 1.78. Karibu 7% ya urefu imekwenda, na vichwa vya watu ndani yake. Angeacha mistari myeusi pembeni, pikseli 63 tu kila upande kwenye 1920 kwa 1080. Hilo ningesamehe. Rangi sisamehi hadi kiyama.

Mama_Projekta
Hahaha mkuu kunywa maji. Filamu yenyewe ilipigwa studio za Pinewood, lakini wewe umechafukwa na bahari kuliko yule mpishi wa Lance Percival.

Fremu25
Afadhali yako imevuliwa. Kuna mwingine kaipaka rangi The Captain's Paradise ya 1953, iliyozaliwa nyeusi na nyeupe! Alec Guinness anavusha meli kati ya Gibraltar na Afrika Kaskazini, mke kila upande, uso wa chungwa. Akishika glasi, glasi nayo inakuwa chungwa. Programu inakisia rangi fremu kwa fremu, ndiyo maana inarukaruka.

Mwana_Riili
Jamani turudi kwenye mada. Ya kwanza kwa rangi, na rangi ndiyo aliyoitoa!

Dawati_la_Nyuma
Kero yangu mimi ni maandishi ya chini. Nakala nyingi za Ulaya zinakwenda fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde badala ya 24, dakika 89 zinakuwa 85 na ushee, sauti za watu zinapanda. Ukibandika maandishi ya nakala ya fremu 24, ikifika dakika ya 10 yako nyuma kwa sekunde 24. Watu wanayasogeza yote kwa pamoja, hapo yanakaa, mbele yanaharibika upya. Usisogeze. Zidisha kila muda kwa 0.96.

Fremu25
Na sauti je?

Dawati_la_Nyuma
Ukirudisha picha kwenye fremu 24, punguza na kasi ya sauti iwe 96%, bila kuwasha kile kitufe cha kulinda kimo cha sauti. Ukikiwasha, watu wataongea taratibu lakini sauti itabaki nyembamba vilevile.

Mama_Projekta
Hii ya 0.96 inafanya kazi na kwa filamu ya Doctor at Sea?

Dawati_la_Nyuma
Inafanya, mradi faili lako ni la fremu 25. Anza kwa kukagua hapo.