Daftari la imla

KIKUNDI: MAJIRANI ISEVYA, TABORA

JUMATATU

19:41 Mama Hamisi: Asalaam aleikum. Shikamooni wakubwa zangu. Samahanini kwa maneno marefu. Leo nimeitwa shuleni kwa ajili ya Hamisi. Nimeambiwa mtoto mzito, hashiki, ana miaka tisa yuko la tatu na imla anapata mbili kwa kumi. Mwalimu wa darasa kaniambia nimtafutie "shule yake", maana pale anawachelewesha wenzake. Nimetoka ofisini miguu haina nguvu. Hiyo shule yake ni ipi? Naanzia wapi?

19:44 Mama Kulwa: Waaleikum salaam. Pole mwenzangu. Ni Hamisi huyu huyu wa kwako? Juzi nilimzidishia chenji ya mafuta ya taa, akahesabu hapo hapo akanirudishia mia mbili yangu. Mzito wa wapi?

19:46 Bibi Mwamvua: Marahaba mwanangu. Usilie. Mtoto huyu tangu lile sikio lilipomsumbua hajakaa sawa. Mimi nilisema mapema apelekwe mtaa wa Ng'ambo kwa yule mzee akasomewe.

19:48 Mama Kulwa: Bibi, dua haikataliwi, ila tumsikilize kwanza anayejua mambo ya shule. Mwalimu Mama Neema, upo hewani?

19:55 Mwalimu Mama Neema: Nipo, nilikuwa napika. Pole sana Mama Hamisi. Usijibu lolote shuleni kwanza. Nipigie picha daftari lake la imla na lile analonakilia ubaoni. Kurasa mbili za kila daftari.

20:03 Mama Hamisi: [picha 4]

20:05 Mwalimu Mama Neema: Nimezipata. Sasa zifute humu, zina jina la mtoto na la shule. Akija kukua asikute mambo yake kwenye simu za mtaa mzima. Nipeni dakika chache niangalie vizuri.

20:19 Mwalimu Mama Neema: Nimeangalia mara mbili mbili. Alichonakili ubaoni ni kisafi, nukta na mkato vipo mahali pake, hata herufi kubwa hajakosea. Mtoto asiyeshika hanakili hivi. Mambo yanaharibika pale tu mwalimu anaposoma kwa mdomo.

Sasa tazama anavyokosea. Limesomwa "meza", kaandika "beza". Limesomwa "bata", kaandika "pata". "Mbuzi" kwake ni "puzi". "Paka" kaandika "maka". Yote ni herufi tatu tu zinazohama: p, b na m. Hizo hutamkwa kwa kufunga midomo. Chukua kioo, useme pata, bata, mata bila kutoa sauti. Mdomo unakwenda vile vile.

Mama Hamisi, mtoto wako haandiki anachosikia. Anaandika anachokiona mdomoni mwa mwalimu.

20:22 Mama Kulwa: Nimesimama mbele ya kioo cha kabati nimefanya. Mwili umenisisimka.

20:23 Bibi Mwamvua: Ya Rabi.

20:34 Mama Hamisi: Nimemjaribu sasa hivi. Kakaa kanipa mgongo anamenya karanga kwenye ungo. Nimemwita kwa sauti ya kawaida, Hamisi, mara tatu. Mikono inaendelea kumenya tu. Nikagonga mfuniko wa sufuria, akageuka, akanitazama mdomoni. Mdomoni jamani, si machoni. Na mimi wiki iliyopita nimemchapa, nikamwambia anajifanya hasikii.

20:36 Bibi Mwamvua: Ulikuwa hujui mwanangu. Kesho mkumbatie tu.

20:41 Dada Pili: Shikamoo Bibi, shikamoo Mwalimu. Nimetoka zamu hospitalini sasa hivi. Mama Hamisi, hilo sikio lilianza lini na linatoa nini? Na je, aliwahi kulazwa kwa homa ya uti wa mgongo, au kuchomwa siku nyingi sindano za gentamaisini, ile dawa inayoweza kudhuru usikivu?

20:44 Mama Hamisi: Hakuwahi kulazwa. Lilianza akiwa na miaka minne. Linatoa usaha, linakauka, mvua zikianza linarudi. Kushoto kwanza, siku hizi na kulia. Tumeweka mafuta ya kupasha moto, mara moja tuliweka maziwa ya mama.

20:52 Dada Pili: Basi kuanzia usiku huu msiweke kitu chochote. Si mafuta, si maziwa, si kitunguu. Usaha ukikaa miaka hivyo ngoma ya sikio hutoboka, na sauti inafika ndani imedhoofika.

Mpaka mtakapofika hospitali mkaushe kwa utambi. Chukua kitambaa cha pamba kilicho safi, kisokote kiwe kama utambi wa kibatari, kiingize taratibu sikioni, kikilowa kitoe uweke kingine, hadi utambi utoke mkavu. Mara tatu kwa siku. Usitumie njiti wala pini. Akioga, ziba tundu la nje kwa pamba yenye mafuta ya mgando. Na asiogelee bwawani.

Kesho asubuhi nendeni kituo cha afya mpate barua ya rufaa. Mwambie daktari wazi: nataka mtoto apimwe usikivu, si sikio kutazamwa tu. Hayo ni mambo mawili tofauti.

21:10 Baba Hamisi: Nimesoma yote. Niko kambini huku relini, mtandao ulikuwa mbovu. Nashukuruni sana majirani. Mimi naona kama hasikii tusizunguke, ile shule ya viziwi si ipo hapo hapo Tabora? Apelekwe bweni mwakani.

21:21 Mwalimu Mama Neema: Baba Hamisi, nakuelewa, baba, unataka suluhisho. Lakini subiri vipimo.

Shule ile naiheshimu mno. Kanisa Katoliki liliianzisha mwaka 1963 na ndiko elimu ya viziwi ilikoanzia nchi hii. Hata shule ya viziwi ya Buguruni kule Dar es Salaam imekuja 1974. Mtoto asiyesikia kabisa akipata lugha ya alama mapema anafunguka, na lugha ya alama ni lugha kamili. Kwa hiyo nisieleweke kwamba kwenda kule ni adhabu au aibu.

Ila Hamisi anaongea, na kuna kiasi anachosikia. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma shule ya kawaida kama wenzake, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Kama anahitaji au hahitaji, hilo linajulikana kwa kupimwa. Mwalimu mmoja hawezi kulikata kwa imla mbili kwa kumi. Nimefundisha miaka 31, na kabla sijaenda kusomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi, Arusha, nami nilishawahi kumrudisha mtoto darasa kwa kosa kama hili. Yule mtoto simsahau.

21:25 Baba Hamisi: Nimekuelewa Mwalimu. Nisamehe haraka yangu. Mama Hamisi, nauli na pesa ya vipimo natuma asubuhi.

JUMATANO YA WIKI ILIYOFUATA

14:08 Mama Hamisi: Tumetoka hospitali ya mkoa. Wamemvalisha visikilizio, akisikia mlio anyooshe mkono. Nilikuwa namtazama kupitia kioo. Kuna mahali yule dada anabonyeza, anabonyeza, na mwanangu katulia tu anatabasamu, anangoja mlio uje. Nikatoka nje kidogo.

14:09 Mama Hamisi: Karatasi inasema kulia desibeli 45, kushoto 35. Ngoma zote mbili zina tundu. Dada Pili nifafanulie.

14:30 Dada Pili: Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Mtu akiongea kawaida ukiwa karibu naye ni kama desibeli 60. Hamisi sikio la kulia halianzi kusikia mpaka sauti ifike 45. Kwa hiyo ukiwa naye jikoni anakupata, kwa kufifia. Mwalimu akiwa mwisho wa darasa sauti inamfikia kidogo sana, na mvua ikipiga bati ndiyo haipo kabisa. Wamekupa matone?

14:33 Mama Hamisi: Ndiyo, wiki mbili, nikaushe kwa utambi kwanza ndipo niweke. Masikio yakikauka apimwe tena, ndipo wataamua kuhusu kumtengeneza ngoma au kumpa kifaa cha kusaidia kusikia.

14:35 Bibi Mwamvua: Alhamdulillah. Kumbe lina dawa.

14:50 Mwalimu Mama Neema: Vizuri sana. Sasa hiyo karatasi toa kopi tatu. Moja ya kwako usimpe mtu, moja ya mwalimu mkuu, moja ya afisa elimu maalumu wa halmashauri. Huyo ndiye kazi yake, anaweza kuagiza mtoto afanyiwe upimaji wa kielimu na kumwelekeza mwalimu. Andika barua, hata kwa mkono, wagongee muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Maneno ya mdomo husahaulika.

Shuleni usiende na hasira. Darasa lile lina watoto zaidi ya mia na mwalimu ni mmoja, naye hakufundishwa kutambua hili. Omba vitu anavyoviweza:

Hamisi akae dawati la mbele, upande wa kulia wa darasa ukitazama ubao, ili sikio la kushoto ambalo lina nafuu limwelekee mwalimu. Mwalimu asiongee akiwa kaupa ubao uso na darasa mgongo, maana huyu anasoma midomo. Imla amsomee akiwa amemkabili, neno ndani ya sentensi, si neno peke yake. "Bata anaogelea" hawezi kuandika "pata anaogelea", akili yake itamsaidia. Kazi ya nyumbani iandikwe ubaoni. Na apewe rafiki mmoja wa kukaa naye wa kumwonyesha ukurasa.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji fedha.

14:58 Mama Kulwa: Doto wangu yuko darasa hilo hilo. Nitamwambia akae naye. Wanapendana hao.

15:06 Mwalimu Mama Neema: Jambo jingine lisipite. Mwakani ana upimaji wa darasa la nne. Watahiniwa wenye mahitaji maalumu Baraza la Mitihani huwaongezea muda, dakika 10 kwa kila saa, na kwenye Hisabati dakika 20 kwa kila saa. Lakini taarifa zake lazima shule izijaze wakati wa usajili. Usingoje mpaka wiki ya mtihani. Andika hilo pia kwenye barua.

15:12 Baba Hamisi: Mwalimu, barua naomba utusomee kabla haijapelekwa.

15:13 Mwalimu Mama Neema: Leteni jioni nyumbani.

ALHAMISI

17:20 Mama Hamisi: Tumetoka kwa mwalimu mkuu. Kapokea barua, kagonga muhuri. Mwalimu wa darasa mwanzoni alikuwa kanuna. Nikafungua lile daftari nikamwonyesha beza, puzi, maka, nikamwambia kama ulivyonielekeza, Mwalimu Mama Neema. Akachukua daftari mkononi mwangu, akarudi kurasa za nyuma, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Sikio lipi lina nafuu?"

17:22 Mama Kulwa: Umenitoa machozi dukani.

17:25 Mama Hamisi: Kuhusu halmashauri, afisa elimu maalumu atatuona Jumatatu saa tatu. Baba Hamisi kaomba ruhusa, anaingia Jumapili usiku. Nani anaweza kubaki na mdogo wake?

17:26 Bibi Mwamvua: Mlete kwangu alfajiri. Uji nitapika.

17:28 Mwalimu Mama Neema: Mimi naongozana nanyi. Bebeni karatasi ya vipimo, nakala yenye muhuri, na daftari lenyewe, si picha.